Tunda Lililoitwa Joash

Yala,
10 Februari 1974

Mdogo wangu Odero,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu Philister, na huyo aliye tumboni mwambie shangazi yake anabisha hodi. Sisi huku tunapumua. Mvua bado. Shemeji yako Isaiah mguu umerudi kuvimba tangu alipopasua kuni za kanisa, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama utapasua wewe. Mama mkwe wangu Selpher jicho moja limefumba kabisa tangu Krismasi, lakini mdomo, ee Bwana, mdomo uko mzima.

Naandika kwa Kiswahili chetu cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kile tulicholelewa nacho pale Makongeni baba alipokuwa reli, kwa sababu humu bomani hakuna anayekisoma sawasawa isipokuwa mimi. Kijaluo kila mtu atasoma, na haya si ya kila mtu.

Joash wangu. Nilikupa mtoto wa miaka kumi na miwili umsomeshe huko Nairobi, na mwezi wa sita mwaka jana ukaniandikia kwamba ametoka nyumbani kwako Kawangware asubuhi na hakurudi. Tangu hapo barua zako ni zile zile: nimeuliza polisi, nimeuliza hospitali, nimeuliza chumba cha maiti, hayuko. Sikulaumu. Leo sikulaumu.

Sasa sikiza yanayotokea huku. Mama mkwe anamwona. Ingekuwa ndoto ningeielewa. Anamwona mchana, saa saba, jua liko utosini na sisi sote tuko shambani. Anasimama mlangoni pa nyumba yake, hasemi kitu, haingii. Nikamwuliza, "Mama, unamwona kwa jicho gani?" Akanijibu kwamba humjua kwanza kwa pua. Ananuka kama lori. Odero, mtoto wangu alitoka hapa ananuka moshi na sabuni kama watoto wengine. Lori amelitoa wapi?

Wazee wamekaa. Wanasema mtoto amefia huko na hana pa kulala, ndiyo maana anarudi mlangoni. Mwili hakuna, kwa hiyo watamzikia yago, tunda la mwegea, kama alivyozikiwa baba mdogo aliyepotelea vitani Burma. Desturi unaijua. Tunda likishaitwa jina la mtu, mtu huyo yumo ndani yake, na likiingia ardhini amekwisha. Hata akitokea kesho yake anapiga mluzi, hapiti langoni. Watasema kile ni kitu, si mtu.

Wanangoja kupanda kuishe, halafu watachagua siku. Nijibu kabla ya hapo. Umemwona? Umesikia mtu aliyemwona? Niambie kweli, hata ikiwa mbaya nitaibeba.

Ni mimi dada yako,
Phoebe Awiti


Dagoretti Corner,
12 Machi 1974

Dada yangu Awiti,

Salamu zako tumezipokea sote, hata huyo wa tumboni, maana ametoka. Ni msichana, tumempa jina lako, na kwa makelele hatukukosea. Philister hajambo. Anakushukuru kwa unga wa mtama, ndio unaomrudishia nguvu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tangu bei ya petroli ipande, hapa stesheni ya petroli ninapofanya kazi hatuna raha. Madereva wa matajiri wa Lavington wanapanga foleni jua halijatoka, huyu akichoka kunitukana anapokea mwenzake. Nikifika nyumbani kalamu inanishinda.

Kuhusu Joash, nimemtafuta tena. Nimeshuka mjini Jumapili baada ya Jumapili, nimetembea River Road mpaka viatu vikacheka. Mji umejaa watoto, dada. Wanawaita parking boi. Gari likitafuta pa kusimama wanakimbia mbele yake wakipunga mikono, na mwenye gari akipenda anawatupia senti. Wengine wanafika mpaka huku kwetu Corner, wanalala nyuma ya maduka. Karibu kila mmoja ana kitambaa mkononi au kopo la maziwa. Usidhani ni maziwa. Ni petroli, wanaivuta kwa pua. Wanasema inashibisha na inaondoa baridi. Ukimwita aliyekwisha kuvuta, anakutazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto, anaona mdomo wako unacheza tu.

Joash sikumwona. Yuko mtoto mmoja anayeandamana na kijana wa Kikuyu anayeitwa Gichuru. Kwa mgongo anafanana naye. Nilimwita Joash, hakugeuka, basi si yeye. Lakini waambie wazee wangoje kidogo. Sina sababu, nasema tu wangoje.

Ndugu yako,
Lazarus Odero


Yala,
24 Machi 1974

Odero,

Salamu zilichelewa njiani, na wewe ulichelewa kuliko salamu. Barua yako imefika Jumatatu. Tumezika Jumamosi, tarehe kumi na sita.

Huyo mtoto mwenye jina langu mpakeni mafuta vizuri utosini, na msimlaze kifudifudi. Nimefurahi, ingawa huoni furaha katika barua hii.

Tunda walilichuma bondeni, refu kama mguu wa mtoto na zito vile vile. Wakalilaza nyumbani kwangu kama maiti inavyolazwa, na wanawake wakakesha nalo. Mzee wa ukoo akaliinamia akaliita, "Joash wa Oloo, tumekuja kukuchukua." Akaliita tena na tena kwa sauti ya chini, ile unayomwamshia mtoto aliyelala. Nilikuwa naogopa litaitika.

Kulipopambazuka niliwaomba wanawake watoke, nimfunge shuka mwanangu mwenyewe. Wakatoka. Nikamvika shati lake la shule, nikamfunga. Saa saba mchana wakamzika. Isaiah alilia, na unajua Isaiah si mtu wa kulia. Mimi sikulia. Waliponiambia ninyoe nywele nilikataa, na sasa boma zima linasema mama huyu ana moyo wa jiwe.

Tangu siku hiyo mama mkwe hajamwona mlangoni. Anasema mtoto amelala. Watu wote wamefurahi.

Huyo uliyemwona kwa mgongo, mtazame mguu wa kushoto juu ya kifundo. Joash ana kovu la uji wa moto, lilimpata anatambaa. Tazama mguu, usiite jina. Na ujibu upesi, usiniletee habari za foleni.

Phoebe


Dagoretti Corner,
21 Aprili 1974

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa msiba. Pole, halafu sijui kama neno lenyewe ni pole. Mtoto ananyonya vizuri. Philister amerudi sokoni, anauza mboga akiwa naye mgongoni. Shemeji Isaiah mwambie kuna dawa ya mguu hapa kwa Mhindi, nitaituma.

Jumamosi ile ya tarehe kumi na sita, kabla barua yako haijaandikwa, kabla sijajua mmezika, lilitokea jambo hapa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, magari yamepungua. Gichuru akaja mbio kutoka nyuma ya maduka. "Mzee, kuja uone huyu, amekuwa mbaya." Nikaenda. Mwenzake alikuwa amelala chali mchangani, amenyooka, mikono ubavuni, macho wazi hayapepesi. Alikuwa anatema mate, anatema, kama mtu aliyekula udongo. Akasema, "Wamenifunika." Nani? "Watu wa nyumbani. Wamenifunika, mdomo yangu imejaa mchanga." Nilimfungua mdomo nikapitisha kidole. Hamkuwa na kitu. Nikajiambia ni petroli tu inayomsemesha. Barua yako ilipofika nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Nimeutazama mguu. Kovu lipo. Ni yeye, dada. Joash yuko hai, amekonda, amerefuka, lakini yuko hai.

Hataki jina lake. Ukisema Joash anakujibu, "Huyo alizikwa." Mimi haniiti mjomba, ananiita "wewe wa petroli". Na anasema nyanya yake humjia mjini mchana, anasimama upande wa pili wa barabara, jicho moja limefumba, anamwambia, "Rudi ukalale." Nilimwuliza ni jicho gani. Akaonyesha la kulia. Alipotoka huko mama mkwe wako si alikuwa anaona kwa yote mawili? Niandikie ni lipi, nipate usingizi.

Lazarus


Yala,
5 Mei 1974

Odero wangu,

Ubarikiwe wewe na hiyo mikono yako. Nilipofika mahali ulipoandika kovu lipo, nilitoka nje nikakimbia mpaka kisimani bila ndoo, nikarudi bila ndoo, na watoto wananitazama. Yuko hai! Naandika hivi nalia, ndiyo maana wino umetawanyika.

Jicho ni la kulia. Usiniulize tena habari hiyo.

Nimemwambia Isaiah. Aliichezea fimbo yake, halafu akasema, "Mwanangu nimemzika kwa mikono hii." Nikamwambia kovu lipo. Akasema kovu hata kitu kinaweza kuwa nalo. Alipeleka neno kwa wazee, na wazee wakasema alichoona Lazaro mjini kimevaa ngozi ya mtoto, na kikifika langoni kisifunguliwe, kitamaliza boma. Sasa hata mama mkwe haniongeleshi. Mimi nimekuwa mama wa kitu.

Nakuomba mambo mawili. Mchukue nyumbani kwako, mtoe kwenye hayo makopo, mlishe. Na umwambie maneno haya kama nilivyoyaandika: mama yako amesema hujazikwa. Usiongeze, usipunguze.

Tena nieleze alivyoondoka kwako. Mtoto haamki tu asubuhi akaondoka kama mgeni.

Dada yako,
Phoebe


Dagoretti Corner,
16 Juni 1974

Dada Awiti,

Tunaendelea. Mtoto ameota jino, amemuuma mama yake, na mama yake amenilaumu mimi. Dawa ya mguu nimempa kijana anayeshuka Yala, umuulize.

Nilimchukua Joash. Haikuwa kazi rahisi. Gichuru ndiye aliyenisaidia, alimshika mkono wakaja wote kama watu wanaokwenda harusini, na yeye akabaki nje ya mlango. Nilimwambia aingie ale, akakataa. Alisema kwa watu asiowajua haingii mpaka amefunguliwa na kuitwa kwa jina. Nikacheka, nikaita, "Gichuru, karibu." Akaingia, akala ugali wa watu wazima wawili, akanawa, akaenda.

Joash hakula. Alilala sakafuni chali, amenyooka vile vile, ingawa kitanda kipo. Philister alimpikia uji wa maziwa, akasema waliofunikwa hawali. Aliumwa kichwa, alitoka jasho, alitetemeka mpaka vikombe vikalia kabatini. Nilimpa maneno yako kama ulivyoyaandika. Akaniangalia, akasema, "Mama hajui. Nikivuta, naona nimesimama. Nikiacha, niko chini, na naskia watu wakitembea juu." Philister alichukua ovaroli langu la kazi akalitoa nje kwa sababu alimkuta amejifunika nalo usoni, anavuta. Siku ya tatu tuliporudi kutoka kanisani dirisha lilikuwa wazi. Yuko tena nyuma ya maduka.

Maneno yale, hujazikwa, yana maana gani? Kama mmezika mmezika. Hata mimi nilipoyasema niliona aibu, kama mtu anayedanganya mgonjwa.

Kuhusu alivyoondoka kwangu, hayo tutaongea tukionana.

Lazarus


Yala,
30 Juni 1974

Odero,

Namsalimu Philister na mtoto. Wewe ngoja.

Hajazikwa. Asubuhi ile walipotoka wanawake, nilitoa kipande cha mgomba nilichokuwa nimekificha chini ya kitanda tangu jana yake, nikakivika shati, nikakifunga shuka. Kilichozikwa ni mgomba. Tunda nililisukuma chini ya kitanda, na sasa liko kwenye kapu kubwa la nafaka ghalani, na kila siku naenda kuligusa kama bado lipo. Mume hajui. Akijua sijui nitalala wapi.

Nilifanya hivyo kwa sababu yako. Wewe ni mtu wa kujibu barua kabla chakula hakijapoa, na nilipokuuliza kama umemwona ukanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikasema Lazaro ana kitu mdomoni, nami sizamishi mwanangu ardhini mpaka akiteme.

Sasa nitakitema mimi kwa niaba yako. Nani alimwambia Joash kwamba nyumbani wanataka kumzika? Mimi niliandika kwa mtu mmoja tu duniani. Wewe ulimwambia ulipopata barua ya kwanza. Basi ulikuwa unamwona siku zote hizo, na ukaniandikia habari za mgongo. Na mtoto hakuiti "wewe wa petroli" kwa ajili ya ovaroli. Anakuita hivyo kwa sababu unampa. Nilipokuja kwako ulinionyesha mwenyewe, gari likishajazwa kuna matone yanabaki kwenye mpira wa pampu. Unamkamulia kwenye kopo lake. Unampa ili asiende mbali, ili kila siku umwone kwamba hajafa. Nakujua tangu unanyonya, najua hukufanya kwa ubaya. Lakini umemlisha mwanangu petroli, Odero. Mwanangu! Mikono ile ile niliyoibariki mwezi wa tano.

Hilo la Jumamosi, la kufunikwa saa ile ile, sijui alilijuaje. Sitaki kujua.

Naja mwenyewe baada ya mavuno, na tunda nakuja nalo. Alione kwa macho yake, alishike, ajue liko juu ya ardhi.

Phoebe


Dagoretti Corner,
14 Julai 1974

Dada,

Barua yako nimeisoma. Yote ni hivyo. Njoo.

Tangu niipate sijamkamulia mtu hata tone.

Lazarus


Yala,
8 Septemba 1974

Mdogo wangu Lazaro,

Tulifika salama. Salamu kwa Philister, na umwambie ile blanketi nitairudisha, sikuiiba. Mtoto wako ni mzuri, ila masikio ni yako, pole yake.

Pale kwenu hatukuongea sana mimi na wewe. Ulikuwa unaondoka kabla sijaamka na kurudi nimelala, na sijui kama ni kazi au ni mimi. Sasa yamekwisha. Nimechoka kukukasirikia.

Hukuwapo siku ile nilipompata, basi nikueleze. Ilikuwa mjini. Nilikaa na wale watoto kandokando ya barabara kama muuza mayai, kikapu miguuni, na watu wenye viatu wanatukwepa kama tope. Joash alikaa mbali kidogo na kitambaa chake. Sikumwita. Nilitoa tunda kwenye kikapu nikaliweka chini kati yetu. Aliliangalia. Halafu akasogea, akasogea, akaliweka mapajani, akalipapasa kama kipofu. "Ni hili?" Nikamwambia ndilo. "Walizika nini?" Nikamwambia mgomba. Odero, mtoto alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, na Gichuru akacheka bila kujua anachekea nini. Halafu akasema, "Mama, nina njaa." Kuniita mama, na kwamba ana njaa, vyote kwa pumzi moja. Nilimnunulia mandazi mpaka muuzaji akauliza kama nina hoteli.

Tulipoinuka kwenda, Gichuru aliomba abaki na tunda. Alisema ni zuri la kulalia kichwa. Mimi nilikuwa nimeona nimepata mwanangu, na tunda lenyewe lilikuwa linanitisha, sikutaka kulirudisha bomani. Nikasema chukua. Kijana alishukuru kama nimempa ng'ombe.

Hapa nyumbani nilipiga magoti langoni nikawaambia wazee wote nilichofanya. Yaliyosemwa sitayaandika. Walifukua, wakakuta mgomba umeoza umebaki maji na shati. Nilitozwa kondoo, na mama mkwe alinitemea mate miguuni. Ndipo Isaiah akaenda langoni peke yake, akamwuliza mtoto, "Wewe ni nani?" Akasema, "Joash Oloo." Isaiah akafungua. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, hakumwachia mpaka ng'ombe wakarudi.

Anakula. Usiku anaumwa kichwa na anaitafuta taa anuse mafuta yake, basi nimeificha, tunakula kwa mwanga wa moto. Wiki hii alikwenda shambani na baba yake. Ni yeye, Odero. Nimempata.

Lakini jana mama mkwe aliniita. Ameanza kunisemesha. Akasema, "Mtoto amerudi mlangoni." Nikamwambia, mama, mtoto yuko ndani, ndiye huyu anayekoboa mahindi, mguse. Akamgusa. Akanusa kichwa chake. Akasema, "Huyu namjua. Sasa yule wa mlangoni ni nani?" Akageuza uso nje, saa saba, jua kali, uani hamna hata kuku. Mimi sikuona kitu. Ila harufu niliipata, ndugu yangu. Safari hii niliipata kwa pua yangu mwenyewe.

Joash hakuacha kukoboa. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua inakuja, "Ni Gichuru."

Odero, safari hii usiniandikie habari za mgongo. Gichuru yuko wapi? Na lile tunda yuko nalo? Lilikwisha kuitwa jina la Joash. Liliitwa, nami nilisikia likiitwa, na nikampa mtoto wa mwenzangu kama mto wa kulalia.

Nijibu siku hiyo hiyo.

Phoebe


Dagoretti Corner,
13 Septemba 1974

Dada yangu Awiti,

Barua yako nimeipata leo, najibu leo. Philister na mtoto wazima.

Mlipoondoka Gichuru alikuja hapa kwangu na tunda kwapani. Aliniomba petroli, nikamnyima. Nilimwambia nimeapa kwa dada yangu. Hakukasirika. Akaniuliza njia ya kwenu, maana Joash amemwahidi atamwonyesha ng'ombe. Nilikuwa sina mteja, nikamwelekeza taratibu kwa vidole: gari moshi mpaka Yala, upite kanisa, ushuke kisimani, uulize boma la Isaiah Oloo, nyumba ya kwanza ukiingia langoni ni ya nyanya. Akairudia yote bila kukosea, akaenda zake.

Petroli alipata kwingine, mjini, pengine ilikuwa nyingi kuliko matone yangu. Alilala nyuma ya soko juani, wenzake wakadhani amelewa tu, na alipoguswa jioni alikuwa amekauka. Askari wa kanju, wale wa baraza la jiji, walimkuta amelikumbatia tunda kifuani, mikono imekazana hawakuweza kuitoa. Nilikwenda chumba cha maiti nikachelewa. Mtumishi wa pale aliniambia amekwisha kuzikwa kama mtoto asiye na mwenyewe, na kwamba lile gogo alilokuwa nalo walimwachia, wakamzika nalo. Nimeuliza watu wa Dagoretti, nimeuliza mpaka kwa chifu. Wapo wanaosema mama yake alikuwa Nyokabi fulani aliyekuwa akiuza maziwa Kilimani, akahama. Nitamtafuta. Sijui nitamwambia nini, lakini nitamtafuta.

Dada, wewe ulimpa tunda na mimi nilimpa njia. Amefika. Usimwache hapo juani. Unakumbuka nilivyokuandikia, kwa watu asiowajua haingii mwenyewe. Siku ukiipata barua hii, saa saba, fungua mlango, umwite kwa jina lake, na umwekee chakula.

Ndugu yako,
Lazarus